Dawa Inayopiga Kelele

Assalaam aleikum. Wale wa Bwana asifiwe, nami nawasalimu kwa salamu yenu. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana wa kule nyuma mnaoniamkia kwa kutingisha kichwa, nimewaona, marahaba hivyo hivyo.

Msinishangae nimevua viatu. Si adabu ya msikitini, hili ni darasa tu wametuazima. Nimevua kwa sababu nataka kusimama mbele yenu huku naisikia sakafu. Ina baridi, na hapa chini ya kidole gumba cha kulia kuna kijiwe kidogo. Nakisikia. Kuna wakati ungeniwekea moto hapo nisingejua, kwa hiyo niacheni nifaidi kijiwe changu.

Leo kwenye kikundi chetu cha wagonjwa naona sura mpya, acha nianzie mwanzo. Wanaonijua wavumilie, au watoke wakanunue karanga warudi.

Mimi nilikuwa na vidonda kwenye utumbo mpana. Sisemi vidonda vya tumbo hivi ambavyo kila mtu anadai anavyo akila maharage. Vyangu vilikuwa chini, vinatoa damu, na vilinilia miaka yangu mizuri. Dawa zikajaribiwa, zikachoka. Mwishowe madaktari wa hospitali moja kubwa Dar wakasema utumbo mpana wote utoke. Wakautoa. Halafu wakachukua mwisho wa ule utumbo mwembamba, wakaukunja, wakaushona ukawa mfuko mdogo humu ndani, wakauunganisha kule chini ili niende chooni kama watu wengine. Kabla haujapona nilitembea na mfuko wa nje tumboni kwa miezi, kisha wakanirudisha chumba cha upasuaji wakanifunga. Ule wa ndani mimi nauita kifuko. Daktari anakiita kwa jina refu, hilo amwachie daktari mwenzake.

Nikarudi nyumbani Matombo. Maneno yakanitangulia. "Yule mwanamke hana utumbo. Sasa akila, chakula kinapita wapi?" Siku moja nikamsikia mama mmoja dukani anauliza hivyo, nami nimesimama nyuma yake nasubiri chumvi. Nikamwambia, kinapita pale pale kinapopita chako, ila mimi nimechongewa barabara mpya, na wewe bado unatumia ile ya zamani yenye makorongo. Duka zima lilicheka. Yeye alisahau alichofuata.

Ndugu zangu, nawaambia, aibu ni mzigo, na mimi mzigo wangu ulikuwa unanitosha. Nilikataa kuongezewa.

Sasa nieleze habari ya shamba, maana bila shamba hamtanielewa. Lipo juu, juu kweli, unapanda kwa njia ya miguu mpaka nyumba za kijiji unaziona mabati tu. Mdalasini, pilipili manga, migomba, na karafuu chache alizopanda bibi yangu mzaa mama. Mvua ikinyesha njia yenyewe inageuka utelezi, unashika majani ili usiporomoke. Hakuna gari, hakuna pikipiki, ni miguu yako. Ukiwa na miguu una shamba, ukiikosa huna.

Ninyi mliohamia kutoka mikoani labda hamjui: kwetu sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba lile si langu kwa hati, ni la ukoo, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Kaka yake mama. Anayelilima ndiye analo. Asiyeweza kulilima, mjomba ana haki ya kuwaita watu, wakakaa, likapewa mtu mwingine wa ukoo. Hakuna kesi wala polisi. Ukiondolewa umeondolewa, na watu wanaendelea kunywa chai.

Mjomba wangu si mtu mbaya, nasema mapema. Nilipougua alinipeleka Dar mwenyewe. Lakini ni mtu ambaye akishaamua jambo kwa ajili yako, anaona ameshakufanyia hisani, na ukikataa anahuzunika kama umemmwagia chakula.

Basi, nimerudi shambani, nimenenepa kidogo, nimeanza kusahau hospitali, kifuko kikavimba. Wenzangu mliofanyiwa kama mimi mnajua nasema nini. Tumbo linakukata, homa ndogo ndogo, na chooni unakwenda, unarudi, hujakaa unakwenda tena. Ukiwa mlimani choo ni kichaka, na ukiwa kichakani mvua inakunyeshea. Kuna siku nilijichafua njiani nikiwa na mzigo wa ndizi kichwani. Nilishusha mzigo, nikajisafisha kwenye kijito, nikaubeba tena. Nililia, sitawadanganya. Nililia huku natembea.

Zahanati wakanipa rufaa, hospitali hapa mjini wakaniambia kifuko kina uvimbe, ni jambo linalowapata wengi wenye kifuko, na dawa zake ni za kuua bakteria. Ziko mbili wanazoanza nazo. Majina yake marefu yanauma ulimi, sisi hapa kikundini tunaziita sipro na metro, nanyi wageni ziiteni hivyo hivyo. Wakaanza na sipro.

Na hapa sikilizeni vizuri. Kwetu dawa kali haimezwi na maji matupu. Mama alinifundisha, naye alifundishwa na mama yake: kidonge kikali kitangulizie maziwa ili kisichome. Na mimi ndiye niliyekatwa utumbo! Nyumba nzima ilinisimamia. Dada yangu alikuwa analeta kikombe cha mtindi kimejaa mpaka juu, anasimama hapo, ananitazama mpaka nimeze kidonge na nilambe midomo. Asubuhi mtindi, jioni mtindi. Mapenzi makubwa sana. Ukimwambia dada yangu kwamba maziwa yanaweza kuharibu kitu chochote duniani, atakuita mchawi.

Sipro haikufanya kitu. Nilimaliza dozi, choo ni kile kile. Nikarudi hospitali, wakaandika kwamba sipro imeshindwa, wakanipa metro.

Metro ilifanya kazi. Lazima niitendee haki. Siku chache tu, tumbo likatulia, nikalala, nikala ugali nikashiba. Ladha yake mdomoni ni ile ya kulamba msumari, chai yote unainywa kwa ladha ya msumari, lakini nani ana habari na ladha akipata usingizi? Tatizo nikimaliza dozi, baada ya wiki chache kifuko kinavimba tena. Nameza, kinatulia. Naacha, kinaamka. Basi nikawa naendelea tu. Nilikuwa nateremka kwenye duka la dawa, naonyesha boksi tupu, nampa salamu muuzaji, nachukua lingine. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa na swali. Masika ikapita, kiangazi kikapita, mimi na metro yangu.

Miguu ilianza kwa ganzi kwenye vidole. Nikasema baridi ya mlimani. Halafu usiku inawaka, mchana imelala. Nikasema uzee. Ndugu zangu, mwanamke anayelima ana majina mengi ya kuuita ugonjwa ili asiende hospitali. Nilikuwa nakanyaga chini najua nimekanyaga kwa sababu naona kwa macho, siyo kwa sababu nyayo zimeniambia.

Ninaye mtani. Siyo rafiki, mtani, wa kiukoo. Wenye utani mnajua: ana ruhusa ya kunitukana hadharani, kuchukua kuku wangu, kusema yale ambayo ndugu zangu wanayameza. Na mimi vile vile kwake. Siku hiyo tunapanda kutoka kisimani, mimi mbele na ndoo, yeye nyuma. Nikamsikia anacheka. Anacheka mpaka anakohoa. Nikamuuliza una nini wewe?

"Mtani," akasema, "umeolewa tena? Maana kiatu kimoja umemwachia nani?"

Nikatazama chini. Mguu wa kushoto una kandambili. Wa kulia uko peku, una matope mpaka kwenye kifundo, na unavuja damu pembeni ya kidole. Kandambili yenyewe ameishika yeye. Ameiokota kule chini kabisa, karibu na kisima, akawa anangoja aone nitagundua lini. Nimepanda mlima mzima kwa mguu peku juu ya mawe, na sikujua.

Akaacha kucheka. Nilimwona uso unabadilika. Akaniambia, kwa sauti ambayo watani hawaitumii, "Mtani, hii si kawaida." Nikamjibu niache, nipe kiatu changu. Hakunipa.

Akakaa nacho. Mjomba alipoita watu wa ukoo nyumbani kwake, kwa habari yangu, yeye alikuja bila kuitwa, ndiyo haki ya mtani, akaweka ile kandambili katikati ya mkeka. "Nimemleta mgonjwa," akasema. "Huyu ameshateremka mlimani, mwenzake ndiye mbishi." Watu wakacheka, hata mimi. Lakini mjomba hakucheka. Aliichukua ile kandambili, akaigeuza geuza, akaniuliza mbele ya watu wote, "Ilikutoka wapi?" Nikaficha miguu chini ya kanga. Akasema, "Mwanangu, mlima si wako tena. Nina chumba hapa kwangu Mlali, pana tambarare, pana barabara, utauza nyanya. Shamba la bibi yako nitampa mtoto wa mama yako mdogo, ana nguvu."

Aliongea kwa upole. Ule upole ndio ulioniuma. Ningepata mtu wa kugombana naye ningegombana. Nilitazama wale watu, kila mmoja ameniinamishia kichwa kwa huruma, na mtoto wa mama mdogo anatazama ukutani kwa aibu, maana hata yeye hakuomba. Nikasema, "Mjomba, mimi sijafa."

"Hakuna aliyesema umekufa."

"Basi msinigawe. Nipe mpaka mvua za kwanza. Mvua zikinyesha na mimi siwezi kupanda, nitakukabidhi shamba mwenyewe, kwa mkono huu."

Akafikiri. Akakubali. Ila akatoa sharti, twende hospitali pamoja, yeye akasikie kwa masikio yake. Tunatoka nje, mtani akanishika mkono akaniambia, "Nimecheka, kweli. Lakini usipokwenda, msiba wako nitaufanyia utani mpaka maiti ione haya." Mtani ni mtani.

Hapa ndipo kiini cha ushuhuda wangu, wanaosinzia waamshwe.

Tulimkuta daktari kijana. Mpole, msafi, ana heshima. Tatizo la kijana mwenye heshima ni hili: ameingia mzee na mwanamke mgonjwa, atamwamkia nani? "Shikamoo mzee, karibu," akampa mjomba kile kiti cha mgonjwa, pembeni ya meza. Mimi nikaenda kwenye benchi la ukutani, pale wanapokaa waliosindikiza. Na wakaanza kuzungumza.

"Mama anaendeleaje?" Daktari anamuuliza mjomba.

"Tumbo lina nafuu. Miguu ndiyo imekwisha. Tumeamua ateremke kutoka mlimani."

"Dawa anameza vizuri?"

"Anameza."

"Choo anakwenda mara ngapi kwa siku?"

Mjomba akakohoa. Akatazama dari. Wazee wangu, mniwie radhi, mjomba wa Kiluguru aulizwe habari ya choo cha mpwa wake wa kike, aseme nini? Akasema, "Kiasi." Na daktari akashika kalamu aandike. Aandike kiasi!

Nikasimama. Sijui nguvu ilitoka wapi, miguu yenyewe siisikii. Nikaenda mpaka pale mezani nikasema, "Mjomba, samahani. Naomba kiti."

Kwetu hilo ni neno zito. Mjomba hainuliwi kwenye kiti na mpwa. Alinitazama, daktari naye anatazama kalamu yake. Nikaongeza, "Tumbo ni langu, choo ni changu, na miguu ni yangu. Wewe unasikia habari, mimi ndiye ninayeishi nayo." Akainuka. Akaenda kukaa kwenye benchi. Nikakaa kwenye kile kiti, bado kina joto lake, nikamwambia daktari, "Sasa niulize mimi."

Nawaambia, yule kijana alipumua kama aliyetuliwa gunia. Akaniuliza kila kitu. Nikamjibu kila kitu, mpaka rangi ya choo, na mjomba kule nyuma anakohoa, na akohoe. Akanivua viatu, akanifumba macho, akanigusa nyayo kwa ncha ya kitu, akasema nikisikia niseme. Nikangoja. Nikamuuliza, "Mbona huanzi?" Akasema, "Nimeshamaliza, mama."

Hapo nilitaka kulia, lakini mjomba alikuwa ananitazama.

Akapima damu, sukari na vitamini fulani inayoweza kupungua kwa watu wa utumbo kama wangu, vyote viko sawa. Kipimo cha kamera kilionyesha kifuko bado kina uvimbe. Tuliporudi na majibu nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti, na mjomba, sikumwambia neno, alikwenda moja kwa moja kwenye benchi. Daktari akasema ganzi hii inaelekea ni metro. Ukiimeza kwa muda mrefu inaweza kudhuru mishipa ya fahamu ya miguu. Lazima iachwe. Nikamuuliza nikiacha miguu itarudi? Akasema mara nyingi inarudi pole pole, mara nyingine hairudi yote, na kadiri unavyoendelea kumeza ndivyo unavyopoteza zaidi. Hakunipaka asali, namshukuru kwa hilo.

"Tunabaki na sipro," akasema, "lakini sipro ilishashindwa kwako. Tutafikiria dawa za aina nyingine kabisa, za kutuliza kinga ya mwili, na hizo zina ufuatiliaji wake, itabidi ukae karibu na hospitali."

Karibu na hospitali. Nikageuka nikamwona mjomba anaitikia kwa kichwa. Chumba cha Mlali kilikuwa kinanifungukia mlango.

Nikasema, "Subiri. Ilishindwaje?"

"Hukupata nafuu, mama. Imeandikwa hapa."

"Nimesikia imeandikwa. Nauliza ilishindwaje. Mwenzangu mmoja mwenye kifuko ilimponya. Yangu ina nini?"

Angeweza kunikaripia. Hakunikaripia. Akaweka kalamu chini akasema, "Nieleze ulivyokuwa unaimeza. Anzia asubuhi unapoamka." Nikamweleza: naswali, nawasha moto, dada analeta mtindi, namezea kidonge...

"Unamezea nini?"

"Mtindi. Kikombe kizima. Ili kisichome."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Dada yangu hakosei."

Akaegemea kiti akafumba macho kidogo. Akanieleza kwamba maziwa na mtindi vinaishika sipro humo tumboni, sehemu kubwa ya dawa haiingii mwilini, inapita tu inatoka. Inamezwa kwa maji, na maziwa yakae nayo mbali kwa saa kadhaa. "Kwa hiyo, mama," akasema, "hatujui kama ilishindwa. Pengine haikupata nafasi ya kujaribu. Na sisi hatukuuliza."

Alisema sisi. Sikumsahau kwa neno lile.

Nikataka kushangilia, akaninyooshea kiganja. "Ngoja. Sipro nayo ina lake. Kwa watu wachache inaumiza mishipa minene ya nyuma ya kisigino. Inaweza hata kukatika. Na wewe unapanda mlima."

Ndugu zangu, mnaona mtego? Huku dawa inayokula nyayo, huku dawa inayoweza kukata kisigino, na mimi mali yangu yote duniani iko mwisho wa njia ya kupanda. Mjomba kule nyuma akasema pole pole, "Basi. Yaishe." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kuniona nikipigana.

Nikasema hayaishi. Nikamuuliza daktari swali, na swali hili sikulipata shuleni, nililipata kwa ile kandambili. "Kisigino kikitaka kuharibika, kinasema?"

"Kinasema nini?"

"Kinauma kabla? Kinavimba? Au kinakatika tu kimya kimya?"

Akafikiri. "Mara nyingi kinauma kwanza. Si mara zote, siwezi kukuahidi. Lakini mara nyingi kinauma, na ukiacha dawa siku hiyo hiyo na kupumzika, unakuwa umewahi."

"Na ganzi?"

"Ganzi umeiona mwenyewe."

"Basi nipe sipro," nikasema. "Nachukua inayopiga kelele. Ile nyingine iliniibia miguu mimi nikiwa nimeisimamia. Hii ikinigusa nitaisikia, nami nikiisikia naacha, nakuja hapa. Kwa maji. Na dada yangu nitapambana naye mwenyewe."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaniwekea masharti: dozi fupi, nirudi aone, nisipande na mzigo mzito siku hizo, na kisigino kikiuma hata kidogo hakuna ubishi. Nikamwambia ubishi wangu nimeutumia wote leo.

Vita ya mtindi ilikuwa kali kuliko ya hospitali, acheni niwaambie. Dada yangu alilia. Alidhani daktari amemshitaki kwamba aliniwekea sumu. Nilimkalisha, nikamwambia mtindi wako nautaka, ila nautaka mchana, kidonge kikiwa kimeshakwenda zake. Kikombe kile kile, kimejaa vile vile. Akakubali, lakini mpaka leo akinipa maji ya kumezea dawa ananipa kwa uso wa msiba.

Na sipro ikafanya kazi. Ile ile iliyoandikwa imeshindwa. Choo kikapungua, homa ikakata, nikaanza kutembea bila kutafuta kichaka kwa macho.

Miguu ilichukua muda. Ilirudi kwa kuwasha, kisha kwa kuchoma. Siku nilipokanyaga mwiba nikapiga yowe, watu wakaja mbio, wakanikuta nimekaa chini nacheka na mwiba mkononi. Kidole kidogo cha kushoto bado kimelala, labda hakitaamka. Kilale. Sijawahi kulima kwa kidole kidogo.

Na kisigino? Kiliuma mara moja. Mvua za kwanza zimeshanukia, mawingu yako juu ya mlima, mimi niko nusu ya njia, na kisigino cha kulia kikashikwa na maumivu. Shamba liko palee, naliona. Ningeweza kujikaza. Mwili mzima ulitaka kujikaza, mnajua nilikuwa nashindana na nini. Lakini nilikuwa nimetoa neno langu mezani. Nikageuka, nikateremka taratibu nimeshika fimbo, kidonge cha jioni sikukimeza, kesho yake nikawa kwa daktari. Akanikagua, akasema mshipa umekasirika, haujaumia, umewahi. Dozi yenyewe ilikuwa karibu kuisha, tukaiacha. Nikakaa chini mpaka aliponiruhusu. Kukaa chini kule ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote niliyofanya.

Mvua zikanyesha. Mjomba akatuma salamu: vipi? Sikutuma jibu. Nilipanda. Nilipanda pole pole, napumzika kila penye jiwe, peku, viatu nimevifunga kiunoni, kwa sababu nilitaka kusikia kila hatua. Nilipofika kwenye karafuu za bibi nikakata tawi, nikateremka nalo, nikalipeleka mpaka Mlali nikamwekea mjomba mlangoni. Alitoka, akalinusa. Aliingia ndani akatoka na ile kandambili, alikuwa ameiweka miezi yote ile, akanipa.

Kifuko bado ni kifuko. Kinaweza kuvimba tena, na huwa kinajaribu. Kikiamka siendi kwenye duka la dawa na boksi tupu, naenda kwa daktari, tunazungumza, tunaamua wote wawili. Msichukue dawa yangu mkaenda kuimeza, kila tumbo lina daktari wake. Chukueni kiti. Hicho tu ndicho ninachowapa. Ukiingia kule ndani, kaa kwenye kiti cha mgonjwa, hata kama amekusindikiza mfalme. Useme unavyomeza, unamezea nini, na miguu inasemaje. Ukiambiwa dawa imeshindwa, uliza ilishindwaje. Na ukiambiwa wewe ndiye umeshindwa, uliza mara mbili.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari kijana aliyesema sisi. Namshukuru dada yangu na mtindi wake, hayupo hapa, yuko kwake ananuna. Mtani wangu simshukuru, ameshachukua kuku wangu wawili kama malipo ya kuokota kiatu. Na mjomba wangu nampa shukrani ya kweli kutoka moyoni, kwa sababu mkubwa kuinuka kwenye kiti ni kazi kuliko mdogo kukiomba.

Juzi amenitumia ujumbe kwamba wapo wa ukoo wanaouliza tena habari ya lile shamba, na umri wangu huu. Nimemjibu hawajakosea kuuliza. Anayelitaka aje tulizungumze. Ila mimi huku chini sipatikani, ni msimu wa kupalilia. Apande anikute juu.